Mahali pa Chumvi

Kila kiumbe hai ana haja, na kila haja ni mlango. Kwa mlango huo riziki huingia, na kwa mlango huo huo adui aweza kuingia. Samaki hashikwi kwa kuwa ni mpumbavu; hushikwa kwa kuwa ana njaa, na chambo kimefanana na chakula chake. Ndege hanaswi kwa kuwa amechoka na uhuru. Hunaswa kwa kuwa tawi lililopakwa ulimbo ndilo tawi alilozoea kutua. Katika insha hii nataka kukueleza, msomaji, habari za haja moja ambayo pengine hujaifikiri sana, nayo ni haja ya chumvi. Nitakueleza jinsi haja hiyo ilivyomponza mnyama wa mwitu tangu zamani, na jinsi sheria zilivyokuja kusimama kati yake na mwindaji. Mifano yangu mingi nitaitwaa Homa Bay na Migori, kwa sababu ndiko nilikokulia, na kwa sababu huko jambo hili limefika ukingoni.

Wewe huna taabu ya chumvi. Imo jikoni ndani ya kopo, na bei yake ni ndogo hata maskini huazimana bila kudaiana. Simba naye hana taabu, maana nyama na damu ya windo lake zina chumvi ya kumtosha. Lakini mnyama alaye majani yumo katika hali nyingine kabisa. Majani mengi yana sodiamu kidogo sana, nayo sodiamu ndiyo sehemu ya chumvi ambayo mwili hauwezi kukaa bila yake: ikipungua, mishipa ya fahamu haipeleki habari sawasawa, na misuli haikazi wala hailegei inavyopasa. Mwenye haja kuliko wote ni jike mwenye mimba au anyonyeshaye, kwa sababu mtoto hujengwa kwa madini ya mama yake, na maziwa huyaondoa mwilini mwake kila siku. Ndiyo maana mnyama huacha malisho mazuri akaenda mwendo mrefu kutafuta udongo wa chumvi, au kichuguu, au chemchemi ya magadi, akainama kuilamba ardhi.

Magharibi mwa Kenya kuna ushahidi mkubwa wa nguvu ya haja hii. Katika Mlima Elgon liko pango liitwalo Kitum. Tembo huingia humo gizani, hatua kwa hatua, wakipapasa njia kwa mikonga yao, mpaka wafike penye kuta zenye chumvi. Huchimba mwamba kwa pembe zao, kisha hutafuna vipande kwa magego. Mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu hujitia ndani ya tumbo la mlima, mahali asipoweza kuona wala kukimbia, kwa ajili ya kitu ambacho wewe hukitia kwa ncha ya kijiko.

Kwetu hatuna pango kama hilo, lakini tuna Mlima Homa. Mlima huo ni volkano ya kale iliyosimama juu ya rasi itokezayo katika Ziwa Victoria, upande wa Karachuonyo. Chini yake ziko chemchemi za maji ya moto yenye magadi, na iliyo mashuhuri yaitwa Bala. Katika Kijaluo neno hilo la bala ndilo jina la udongo wa chumvi wanaolamba ng'ombe. Nilipokuwa mtoto nilitumwa sokoni mara nyingi kununua udongo huo, nikaubeba kichwani hadi nyumbani, na baba yangu akauweka katika boma jioni ng'ombe warudipo. Alikuwa na amri moja ambayo hakuna mtoto aliyethubutu kuivunja: ng'ombe alambaye chumvi hapigwi, hafukuzwi, wala hafungwi kamba. Ukitaka kumkamata, msubiri amalize. Wakati ule nilidhani ni huruma ya mzee kwa mifugo yake. Baadaye, nilipoanza kusoma sheria za uwindaji, niliona kwamba amri ya boma letu na sheria za mataifa makubwa zilikuwa zikisema neno moja.

Mwindaji aliijua haja ya mnyama kabla wataalamu hawajaiandika. Rasi ile ile ya Homa imewapa wachimbuzi wa mambo ya kale mashahidi wa ajabu. Mahali paitwapo Kanjera Kusini pamepatikana zana za mawe na mifupa ya wanyama yenye umri wa miaka milioni 2 hivi, na mifupa mingi ni ya swala wadogo waliokatwa nyama kwa mawe hayo. Huko Nyayanga, katika rasi hiyo hiyo, wataalamu walitangaza mwaka 2023 kwamba wameona zana na mifupa ya viboko iliyochanwa kwa mawe, na umri wake wakaukadiria kuwa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Mambo hayo yalitendeka karibu na maji, mahali wanyama walipokuja kwa haja zao. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kumngoja mnyama mahali anapokusanyika ni hila iliyoletwa juzi, usimsadiki. Ni hila ya kale kuliko lugha tunayoisema.

Lakini yafaa tutofautishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni chambo hasa, yaani chakula kimwagwacho ili mnyama aje: mahindi, matunda, au mzoga kwa mnyama alaye nyama. La pili ni chumvi iwekwayo na mtu, ama kwa bonge la kununua ama kwa kumwaga chumvi ardhini. La tatu ni mahali pa chumvi pa asili, ambapo hakuna mtu aliyeweka kitu. Ardhi yenyewe ndiyo iliyowaita wanyama. Katika mambo mawili ya kwanza mwindaji hutengeneza haja. Katika la tatu huikuta. Lakini kwa mnyama yote ni mamoja, maana huja akiwa ameinamisha kichwa.

Sasa na tuvuke mpaka. Toka Migori mjini ushike njia ya kusini hata Isebania, kisha uingie Sirare upande wa Tanzania. Umebadilisha sheria. Tanzania huruhusu uwindaji wa leseni katika sehemu maalum, na kwa sababu unaruhusiwa, sheria imelazimika kueleza kwa urefu namna usivyoruhusiwa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza, isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya Mkurugenzi, kutumia sumu, chambo, wavu, mashimo na matanzi. Inakataza kuwinda kwa taa na kuwinda usiku. Tena inakataza kuwinda ndani ya mita 500 kutoka maji ya kudumu, dimbwi, au mahali pa chumvi. Zifikiri mita hizo 500. Ni urefu wa viwanja vitano hivi vya mpira vilivyopangwa kwa mstari mmoja. Mwenye leseni iliyolipiwa, mwenye bunduki halali, mwenye haki ya kuua mnyama fulani siku fulani, akifika mpaka huo hana ruhusa tena. Yule mnyama ambaye angeweza kumwua kihalali pale nyuma, hapa amepata kimbilio.

Kwa nini? Nimefikiri sana, na naona sababu tatu, kila moja ina uzito wake.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Mahali pa chumvi pamoja huvuta wanyama wa nchi pana. Mtu akikaa hapo siku mbili ataona swala wengi, akasema moyoni, "Hawa hawaishi." Kumbe wale aliowaona ndio wote waliomo katika bonde zima, wamekuja mmoja mmoja kwa zamu. Mwindaji atafutaye nyayo porini hujua upesi kuwa wanyama wamepungua, kwa sababu miguu yake humwambia. Lakini akaaye penye chumvi huambiwa habari hiyo wakati amekwisha kumwua wa mwisho.

Sababu ya pili ni uteuzi. Nimekwisha kukueleza kwamba mwenye haja kuliko wote ni jike mwenye mimba na jike anyonyeshaye. Basi mtego uwekwao penye chumvi hukamata mama kabla ya mwingine. Leseni yaweza kusema dume tu. Tanzi la waya halisomi leseni.

Sababu ya tatu ni maradhi, na hapa Marekani inaweza kutufundisha. Huko windo kubwa la watu wa kawaida ni ayala, mnyama wa jamii ambayo kwetu hayuko, mwenye pembe za matawi zinazoanguka na kuota upya kila mwaka. Kila jimbo lina sheria yake. Jimbo la Texas huruhusu kumwaga mahindi katika shamba la mtu binafsi. Majimbo mengine hukataza kabisa. Katika Michigan kifua kikuu cha ng'ombe kilikaa miongoni mwa ayala wa sehemu ya kaskazini-mashariki tangu miaka ya 1990, na ikaonekana kwamba kuwakusanya kwenye rundo moja la chakula ni kuwalazimisha kubadilishana mate. Mwaka 2019 jimbo hilo likapiga marufuku chambo katika rasi yake yote ya kusini. Tena kuna ugonjwa mwingine, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967, udhoofishao ayala mpaka akafa akiwa mifupa mitupu. Hauna dawa, na chembe zake hukaa udongoni muda mrefu. Bonge la chumvi likinyeshewa na mvua huyeyuka likaingia ardhini. Wanyama huendelea kula udongo ule hata bonge lenyewe likiwa limekwisha sahauliwa na aliyeliweka.

Kwa sababu hii sheria nyingine za huko zina kumbukumbu ndefu. Juu ya bata na ndege wengine wahamao, sheria ya taifa husema kwamba mahali palipomwagwa nafaka pahesabiwe kuwa pana chambo mpaka zipite siku 10 tangu punje ya mwisho kuondolewa. Mtu hawezi kumwaga leo, akafagia kesho, akawinda kesho kutwa na kujiita mkweli. Sheria imetambua kwamba mnyama aliyedanganywa haachi kuamini siku ile ile udanganyifu ulipokoma.

Turudi nyumbani. Kenya haina haja ya kupima mita 500, kwa sababu tarehe 19 Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wote wa wanyama, baada ya kuwa imekwisha kukataza uwindaji wa tembo mwaka 1973. Kabla ya hapo leseni zilikuwa zikiuzwa, na vitabu vya sheria vilikuwa na orodha za njia zilizokatazwa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, iliendeleza marufuku ile. Ilipotungwa iliweka faini isiyopungua shilingi 30,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili, kwa mtu awindaye ili ale. Na shilingi zisizopungua 200,000, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili, kwa mtu afanyaye biashara ya nyama ya mwitu.

Pengine utauliza, "Ikiwa kuwinda kumekatazwa, ya nini kujifunza habari za chambo na chumvi?" Ni swali zuri. Jibu lake liko katika bonde la Lambwe.

Bonde hilo liko kati ya ukingo wa Kanyamwa na vilima vya Gwassi. Zamani watu waliliogopa kwa ajili ya mbung'o na malale, na hofu hiyo ilimlinda mnyama kuliko bunduki ya askari yeyote. Mwaka 1966 sehemu ya bonde ilifanywa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye eneo la kilomita za mraba 120. Humo wamo twiga, nyati, tohe, na taya mdogo apendaye majani marefu. Humo yumo pia korongo. Simsemi ndege wa jina hilo, wala bonde lichimbwalo na maji. Namsema swala mkubwa wa rangi ya kahawia iliyopauka, mwenye masikio marefu, pembe zilizopinda kurudi nyuma, na uso mweusi wenye mabaka meupe. Katika Kenya nzima korongo hapatikani porini mahali pengine. Wanyama wa nchi walipohesabiwa mwaka 2021, korongo walioonekana walikuwa 15.

Tafadhali usipite hesabu hiyo kwa haraka. Darasa lako lina wanafunzi wangapi? Korongo wote wa Kenya wangeweza kuingia katika darasa lako, na madawati yangebaki. Korongo jike huchukua mimba miezi tisa hivi, akazaa ndama mmoja tu. Ndama huyo hufichwa katika majani majuma ya kwanza, na mama huenda malishoni, majini na penye chumvi peke yake, kisha humrudia kumnyonyesha. Tanzi moja la waya likitegwa katika njia yake litachukua wawili: mmoja atakayeonekana amekufa, na mwingine atakayekufa mafichoni bila mtu kujua. Aliyelitega pengine alitaka tohe tu. Waya hauulizi jina. Basi ndiyo sababu ya kujifunza: uwindaji wa leseni umekwisha Kenya, lakini ujuzi wa kumngoja mnyama penye haja yake haukwisha, nao wafanya kazi gizani.

Sitaki ufikiri kwamba watu wa ukingo wa mbuga ni wabaya, au kwamba neno hili halina upande wa pili. Niliwahi kuzungumza na mzee mmoja wa upande wa Ndhiwa, ambaye katika ujana wake aliwinda kwa mkuki na mbwa. Nilimwamkia, akaniweka kitako kivulini, nami nikamwuliza anaionaje sheria hii. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema:

"Mwanangu, ng'ombe wangu hulamba bala, nami humkama, na siku ya sherehe humchinja. Hakuna mtu aniitaye mwovu. Mnyama wa mwitu hulamba bala ile ile, nami nikimchinja watoto wapate kitoweo, nafungwa. Chumvi ni moja, kisu ni kimoja. Nieleze tofauti."

"Mzee wangu," nikamjibu, "huyo wa mwitu si wako."

Akacheka. "Na akila mtama wangu, huwa wa nani?"

Neno lake lilikuwa zito, na hata leo sithubutu kulidharau. Sheria ya mwaka 2013 iliahidi fidia: shilingi milioni 5 kwa jamaa za mtu aliyeuawa na mnyama, na malipo kwa mazao yaliyoharibiwa. Lakini malalamiko ya kuchelewa kwa malipo yamesikika katika sehemu nyingi za nchi, na mkulima halishi watoto kwa ahadi. Sheria inayomfunga maskini kwa tohe mmoja haina budi kumlipa upesi kwa shamba lililoliwa. La sivyo itakuwa mizani yenye sahani moja. Wewe ambaye huenda kesho ukawa hakimu, au bwana wa wanyamapori, au mbunge wa sehemu hizi, liweke neno hili moyoni.

Lakini swali la mzee juu ya tofauti nimelifikiri miaka mingi, na nadhani sasa nina jibu. Mwenye ng'ombe ampapo ng'ombe wake chumvi, chumvi hiyo ni sehemu ya mapatano. Ng'ombe humpa maziwa, na yeye humpa malisho, maji, zizi, dawa, na ulinzi wa usiku. Hata kisu kikija, huja baada ya miaka ya kutunzwa, na mwenyewe hujua ni wangapi waliobaki zizini. Lakini amwekeaye mnyama wa mwitu chumvi ili amwue, au amngojaye penye chumvi ya ardhi, hakumtunza jana wala hatamtunza kesho. Hajui ni wangapi waliobaki. Ametwaa dalili ya malezi akaifanya silaha. Chumvi ni moja, kweli. Kisu ni kimoja, kweli. Kilichotofautiana ni deni. Yule wa kwanza analo, na analipa. Wa pili hana analolipa.

Wala sisemi kwamba kila mvuto ni dhambi. Ukisimama ufukoni mwa Homa Bay au Mbita usiku usio na mwezi, utaona taa zimetapakaa juu ya ziwa kama mji uliojengwa majini. Ni taa za wavuvi wa omena. Mwangaza huwavuta samaki wale wadogo, nao huinuliwa kwa nyavu. Hiyo pia ni hila ya kuvuta, na ni halali, na nusu ya watoto wa pwani ile wamesomeshwa nayo. Lakini hata hapo sheria imeweka kipimo: kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya, ili wapate kuzaa. Mvuvi huona miezi hiyo kuwa mirefu, na njaa yake ni ya kweli. Walakini wavuvi wenyewe hukuambia kwamba ziwa lisilopumzishwa hulipa kidogo kila mwaka. Kwa hiyo mizani ya sheria haikuuliza tu kama kiumbe amevutwa. Imeuliza: je, wako wangapi? Wapewa wakati wa kuzaa? Na anayevuta anajizuia kwa lolote?

Sasa nikuambie mambo machache yakupasayo, maana elimu isiyofika mikononi ni mzigo tu kichwani. Ukikuta waya umetegwa katika njia ya wanyama, usijitie kuutegua peke yako. Aliyeutega huenda yu karibu, na mnyama aliyenaswa huumiza. Watafute walinzi wa mbuga, au mwambie mwalimu wako, nao wapeleke habari. Ukiuziwa nyama usiyojua ilikotoka, kwa bei iliyo ndogo kupita kiasi, iache. Na kama nyumba yenu ina mifugo karibu na mbuga, washauri wazee kwa heshima waweke chumvi ya ng'ombe ndani ya boma, wasiimwage mpakani. Kwa maana mnyama wa mwitu ataifuata, ng'ombe na nyati watalamba mahali pamoja, na maradhi ya mmoja yatakuwa ya wote.

Tena kuna jambo moja zaidi, nalo latuhusu sisi wanadamu. Ukiisha kuielewa hila ya mahali pa chumvi, utaitambua hata isipokuwa na mnyama. Yuko mtu amngojaye mwenzake penye haja yake: amkopeshaye mwenye mgonjwa kwa riba isiyolipika, amwahidiye msichana karo au samaki kwa sharti la aibu, amwitaye kijana asiye na kazi kwa ahadi ya mali isiyo na jasho. Hawa wote hawakutengeneza njaa ya mtu. Waliikuta, wakaketi karibu nayo na kungoja. Sheria ya wanyama imekataza jambo hilo kwa mita 500. Kati yetu sisi hapana kamba ya kupimia umbali, ila dhamiri. Na dhamiri, kama ziwa, huhitaji kutunzwa mapema.

Korongo wa Ruma hawezi kusoma sheria yoyote niliyoitaja. Hajui kwamba yu wa mwisho katika nchi, wala kwamba jina lake limo katika vitabu. Ajua tu kwamba mwili wake wataka chumvi, na kwamba mahali fulani ardhi yaitoa bure. Kama atakwenda huko na kurudi kwa ndama wake, haitakuwa kwa ujanja wake. Itakuwa ni kwa sababu watu waishio karibu naye, wenye haja zao wenyewe na zisizo ndogo, waliona haja yake wasiifanye mtego. Watu hao, katika miaka michache ijayo, ni ninyi.